Chui Asiyegombea Redio

Katika mji mzima wa Kasama, kaskazini mwa Zambia, tangu stesheni ya reli mpaka kule mwisho wanakoshusha mkaa, hakuna binadamu aliyewahi kujua Kalaba ana nini moyoni. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kwa sauti, huku baiskeli ya mtu imelala chali mbele yake na mikono yake imejaa grisi mpaka viwiko.

"Moyo wangu nimeutia kufuli," alikuwa akisema, "na ufunguo nimeumeza. Anayeutaka akanisubiri chooni."

Wateja walicheka. Walicheka hata waliokuja kulalamika kwamba kiraka alichobandika jana kimebanduka leo. Kuchekesha ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili, na wako waliosema kwamba aliijua vizuri kuliko ile ya kwanza.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa soko: mabati machache juu ya nguzo za mkaratusi, spoki zimening'inia kama mishikaki isiyo na nyama. Kwenye msumari wake peke yake ilining'inia redio ndogo nyekundu ya betri, imefungwa kwa kipande cha tyubu kwa sababu mfuniko wa nyuma ulipotea zamani. Redio hiyo haikuguswa ovyo. Mteja aliyetaka kubadilisha stesheni aliambiwa kwanza anawe mikono, halafu alete barua ya chifu.

Meza ya jirani ilikuwa ya Nsofwa. Nsofwa aliuza chikanda, ule mkate mzito wa viazi vya porini na karanga, mwekundu kwa pilipili. Alikuwa rika moja na Kalaba, ana mume na watoto wawili, na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Na alikuwa mtani wake. Yeye ni wa ukoo wa Mbuzi kwa mama yake, Kalaba ni wa ukoo wa Chui kwa mama yake, na kwa Wabemba jambo hilo halina mjadala. Chui amemla mbuzi tangu dunia iumbwe, kwa hiyo mbuzi ana haki ya kulipiza kisasi kwa mdomo mpaka siku chui atakapokufa. Na akifa, ni mbuzi anayechimba kaburi, na ni mbuzi anayesimama mbele ya wafiwa kumtukana marehemu mpaka watu wacheke na machozi yao mashavuni.

Tena mbuzi anaweza kunyakua kitu chochote cha chui bila kuomba, na chui hana ruhusa ya kukasirika. Lakini hana ruhusa ya kukubali pia. Lazima agombee. Apige kelele, aite mashahidi, amwite mwenzake mwizi mwenye ndevu, kisha akikomboe kitu chake kwa kuku, kwa sabuni, kwa chochote. Chui asiyegombea mali yake, walisema, ni ngozi tu, yaani hamna mtu ndani.

Hivyo ndivyo walivyoishi, meza na kibanda.

"We Chui, leo umeamka na uso kama rimu iliyokanyagwa na lori."

"Afadhali rimu inanyooshwa. Hizo ndevu zako nani atazinyoosha?"

"Cheka tu. Kaburi lako nitalichimba fupi, miguu ibaki nje, watoto wangu waanikie nguo."

"Na mimi nitaitumia hiyohiyo miguu kukupiga teke."

Soko lilisikiliza bure na kufurahi.

Halafu ikaja Januari na mvua zake, na Kalaba akajaribu kujiua.

Walimwahi. Akapelekwa hospitali, akapona, akarudi nyumbani. Familia ikatoa tangazo moja: malaria, tena malaria kali iliyopanda kichwani. Kila mtu aliipokea malaria hiyo, kila mtu alijua kwamba si malaria, na tangu siku ile hakuna aliyezungumza na Kalaba kama mtu aliye hai.

Mama yake alimwita "mwanangu" kwa sauti ya kubarikia chakula. Wateja waliacha kubishana naye bei. Kiraka kikibanduka walirudi kwa upole, wakiomba radhi kana kwamba wao ndio waliokibandua. Na Nsofwa, yule Nsofwa mwenye mdomo wa kukausha mto, alianza kumsalimia. "Umeamkaje, Kalaba?" Kwa jina! Hakumtukania uso, hakumchimbia kaburi, hakunyakua hata spoki moja.

Kalaba akajibu kwa kuongeza vichekesho. Aliwachekesha watu kwa bidii ya mtu anayefukuza ndege kwenye ulezi ulioanikwa. Nao walicheka, ila walicheka huku wakimtazama kwa pembeni, kama mtu anayekanyaga ubao wa daraja akiupima.

Hata wangemuuliza yaliyomo ndani, asingejua pa kuanzia. Watu walidhani kwamba mtu anayetaka kufa anataka kufa, basi, kama vile mtu anayetaka chai. Kalaba alijua sivyo. Ndani yake walikaa watu wawili. Mmoja alikuwa amechoka, anataka usingizi usioamshwa na mtu. Mwingine alitaka kujua nani atashinda mechi ya Jumapili. Asubuhi ileile ya Januari alikuwa amemwambia mteja, "Rudi Ijumaa, spoki zitakuwa zimefika," na alimaanisha. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko yote alipozinduka kitandani: kwamba aliimaanisha Ijumaa, na alilimaanisha lile jingine pia, mtu mmoja, siku moja. Ni kama kuendesha baiskeli mguu unakanyaga pedali na mkono umebana breki. Anayekuona barabarani anadhani umetulia. Chini huko vyuma vinasagana.

Kliniki kulikuwa na muuguzi, Bwana Siame, ambaye watu walimwita daktari kwa sababu ya koti. Yeye alimwambia mapema, "Lile wazo linaweza kurudi, Kalaba. Likirudi haina maana kwamba umeshindwa. Ila mwambie mtu, siku hiyohiyo. Mtu yeyote mwenye masikio."

"Basi nitamwambia kuku wetu."

Siame alicheka. "Sawa. Kuku, halafu mimi."

Likarudi Juni, wakati wa baridi. Mama yake alikuwa amekwenda kijijini kuvuna ulezi, nyumba imenyamaza. Halikuja kwa kishindo. Kalaba alikuwa anakunywa uji, wazo likaingia likaketi, kama mgeni anayekijua kiti chake. Hakumwambia mtu. Kuku alikuwepo, naye hakuambiwa. Akaenda kazini akachekesha watu. Yule aliyechoka alimwambia: usiwasumbue tena, wamekwisha sumbuka vya kutosha. Yule mwingine akasema: lakini kesho kutwa ni siku ya kliniki. Yule aliyechoka akajibu: daktari naye utamchekesha, kama kawaida.

Siku iliyofuata aliamka mwepesi, karibu mchangamfu. Akamrudishia fundi wa viatu spana aliyoiazima kwake tangu mwaka jana. Akapanga vyombo vyake kwa ukubwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Mchana, soko lilipopwaya, akaitoa redio kwenye msumari, akaifuta grisi, akaenda kuiweka kwenye meza ya Nsofwa, kati ya chikanda na bakuli la chumvi.

"Mtani, chukua."

Nsofwa aliitazama. "Imeharibika?"

"Nzima kuliko wewe."

"Unataka nikutunzie?"

"Nataka uichukue. Miaka yote umeitamani, umeinyakua nikaikomboa, umeinyakua nikaikomboa. Nimechoka kutoa kuku. Kaa nayo."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, hata yeye alikiona kizuri.

Nsofwa hakucheka. Aliinua redio, akapita nayo mbele ya kibanda polepole, kama bibi harusi.

"Naondoka nayo," alisema.

"Nenda."

"Jamani! Mali ya Chui hii, naondoka nayo!" Ilikuwa sauti ile ya zamani, ambayo soko halikuwa limeisikia tangu mvua. Muuza nyanya aligeuka akitabasamu, akisubiri jibu.

Kalaba alimpungia mkono. "Mungu akubariki nayo."

Tabasamu la muuza nyanya likabaki halina pa kwenda. Nsofwa alirudi kwenye kigoda chake, akaketi, redio mapajani. Mtu alikuja kuomba kipande cha chikanda akampa chumvi. Jioni, walipokuwa wanafunga, akasema bila kumwangalia, "Kesho si unakwenda kliniki? Mama yako hayupo. Nitakusindikiza."

Kalaba alifikiri haraka. Siame alikuwa akimwomba kila mara aje na mtu wake. Na Nsofwa akifungua mdomo, nani mwingine anapata nafasi? Daktari atasikiliza habari za chikanda mpaka saa ya chakula, naye Chui atatoka mle salama, hakuna aliyemgusa. "Njoo," akasema. "Ila usiwauzie wagonjwa." Akajipongeza kimoyomoyo kwa werevu huo. Au labda yule mwingine ndani yake ndiye aliyesema "njoo". Hata leo hana hakika.

Asubuhi Nsofwa alikuja na kikapu kilichofunikwa kanga. Njia nzima hakusema neno. Kalaba alimrushia vijembe viwili vitatu, vikaanguka barabarani, wakavipita.

Chumba cha Siame kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilitazama uani, mahali pa kuanikia mashuka. Kalaba aliketi kwenye kiti, Nsofwa kwenye kigoda karibu na mlango, kikapu miguuni.

"Usingizi unakujaje?" Siame aliuliza.

"Nalala mpaka majirani wanalalamika."

"Na chakula?"

"Sufuria limeomba likizo."

Siame alitabasamu, akaweka kalamu chini. Alikuwa na namna yake ya kuuliza jambo zito kama mtu anayeuliza kama kuku wamekwisha ingia bandani. "Kalaba, wazo la kujiua limerudi?"

Nje ya chumba hicho hakuna mtu mjini aliyelitamka neno hilo mbele yake. Waliliogopa kana kwamba ukilitaja linaamka. Mdomoni mwa Siame lilikuwa neno tu. Halikung'ata.

"Wapi, daktari! Lile lilikwenda na mvua. Nimepona. Ukitaka shahidi, huyu hapa. Anakaa ubavuni mwangu mchana kutwa, hana kazi nyingine ila kunichunguza. Muulize."

Mtu asimwite shahidi ambaye hajui atasema nini.

Nsofwa alifunua kikapu. Akatoa redio nyekundu, akaiweka mezani mbele ya Siame.

"Anadanganya," akasema.

Uani mtu alikuwa anakung'uta shuka.

"Jana amenipa hii, daktari. Hakugomba. Nimepita nayo mbele ya macho yake, nimepiga kelele, hakugomba."

Siame alikuwa mtu wa Nakonde, si Mbemba, lakini alikuwa amezika na kuzikiwa Kasama kiasi cha kutosha. Aliitazama redio, kisha akamtazama Nsofwa. "Ilishawahi kutokea?"

"Januari." Nsofwa alishika ncha ya kanga akaizungusha kidoleni. "Nilinyakua mwavuli wake. Mvua inanyesha, wewe fikiria, mvua ya Januari, na mtu ananiambia kaa nao. Nikafurahi! Nikatembea soko zima nikijisifu kwamba nimemshinda Chui. Na siku ileile nilikuwa nimemwambia habari za kaburi fupi." Aliizungusha kanga tena. "Halafu ikawa yale. Mwavuli uko nyuma ya mlango wangu, siwezi kuufungua wala kuurudisha. Nilisema moyoni, ni mimi. Mdomo wangu ndio uliomwonyesha njia. Ndiyo maana nikawa namsalimia kama mkwe."

Kalaba alitafuta kichekesho. Alitafuta kila mahali alipozoea kuweka vichekesho vyake, hakukuta kitu.

"Si wewe," alisema mwishoni. "Hata kidogo. Ulikuwa unanitukana, mimi nilijua nipo. Ulipoanza na umeamkaje, umeamkaje, nikaona, ah, hata Mbuzi amekwisha nizika."

"Mpumbavu wewe! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Samahani jirani, naomba nitukane?"

"Ndiyo! Hivyohivyo!"

Siame aliwaacha. Alisubiri mpaka wote wawili wakavuta pumzi, kisha akarudia swali lake, kwa sauti ileile. "Kalaba. Limerudi?"

"Limerudi."

"Lini?"

"Juzi asubuhi. Nakunywa uji." Na baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe, mabaya, bila mpangilio. Ya uchovu. Ya watu wawili na baiskeli moja, pedali na breki. Ya ile Ijumaa ya spoki, jinsi anavyojiona mwongo kwa sababu alitaka yote mawili. Alisema pia kwamba anaona aibu kufurahi kuwa hai, na anaona aibu kutofurahi, kwa hiyo amebaki na kazi moja tu, kuchekesha. Mahali fulani katikati ya maneno hayo alianza kulia, na Nsofwa akampa leso yake bila kumtazama, kama mtu anayepitisha chumvi.

"Huyo aliyesema Ijumaa," Siame aliuliza, "bado yupo?"

Kalaba alifikiri. "Yupo. Nadhani ndiye aliyemruhusu huyu mwanamke aje."

"Basi hukudanganya siku ile. Ulikuwa unavutwa huku na huku, na wengi waliopita hapo huniambia hivyohivyo. Na huyo aliyechoka hatutamfukuza. Amechoka, tutafute kinachomchosha. Lakini siku hizi chache asikae nyumbani peke yake."

Wakapanga mambo ya kawaida tu. Mama apigiwe simu arudi. Mpaka arudi, Kalaba atalala kwa Nsofwa, mumewe hana neno, watoto watafurahi. Dawa zitaangaliwa upya. Kesho aje tena, na keshokutwa, na usiku wowote mlango wa wodi uko wazi. Siame aliyaandika, akampa kila mmoja nakala. Kalaba alihisi mzigo haujaondoka, ila sasa ulikuwa umeshikwa na mikono mingi.

Walipoinuka, Nsofwa alinyoosha mkono kuirudisha redio kikapuni. Mkono wa Kalaba ukatua juu yake kwanza.

"Iache hapo."

"Umenipa mwenyewe."

"Nilikupa nikiwa mgonjwa. Haihesabiki. Daktari, wewe ni shahidi, huyu mwizi mwenye ndevu ameingia mpaka kliniki na mali ya watu!"

Nsofwa alimtazama usoni, kwa muda. Kisha akaikaza midomo kuzuia kicheko. "Leta kuku."

"Kuku! Kwa redio isiyo na mfuniko?"

"Jogoo. Tena mwenye mkia."

"Nitakuletea mkia peke yake!"

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje waliacha kukohoa ili wasikie vizuri. Siame alifungua mlango, akawaonyesha njia, na walikwenda wakigombana mpaka getini, redio imeshikwa na mikono minne.

Jogoo alilipwa. Mama alirudi na ulezi. Wazo nalo lilikuja tena mara kadhaa, na kila lilipokuja Kalaba alivuka hadi meza ya jirani akasema, "Mgeni wangu amekuja," na Nsofwa akasogeza kigoda. Siku nyingine waliongea, siku nyingine alikata tu chikanda wakala, na jioni wakapita kwa Siame.

Mwezi wa Agosti alikuja mteja mmoja, mchoma mkaa, na baiskeli yenye tairi zima kabisa. Alizungukazunguka. Aligusa kengele, akagusa tandiko. Mwishowe akainama na kuuliza kwa sauti ya chini. Ana mdogo wake, naye amekuwa kimya, kimya kisicho kizuri. Ajue tu, Kalaba alianzaje? Alimwambiaje daktari?

Kalaba alinyoosha mgongo. Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama mzee wa baraza. "Mlete, twende naye pamoja. Si jambo gumu. Mimi je? Niliingia, nikaketi, nikasema yote. Kwa hiari yangu, hakuna aliyenisukuma. Tena kama mwanamume, bila hata chozi moja."

"Mwongo!"

Mchoma mkaa aligeuka. Nsofwa alikuwa amesimama nyuma ya chikanda yake, ameufungua ule mwavuli mweusi wa Chui kujikinga jua, na kwa mkono wa pili alikuwa amenyanyua leso juu, soko zima lione.

"Na hii niliyoikamua getini pa kliniki," alisema, "ilinyeshewa na mvua gani ya mwezi wa Juni?"

Kalaba aliinamia tairi lisilo na pancha, akaanza kutafuta tundu.